Farasi wa Kumi na Moja

Jumanne hiyo Rispa alirudi kutoka kwa kamati ya kupiga msasa akaketi mlangoni pa jikoni, viatu vya kuazima bado miguuni. Hakulia. Afadhali angelia.

"Wamesema babu alitoka ng'ambo, Baba. Wamesema mimi si Mkenya."

Ng'ambo kwetu ni Tanzania. Kutoka boma langu, huku Kegonga, ukivuka mahindi ya jirani na kijito kimoja umeshafika. Kuku wetu hutaga huko wakarudi kulala huku na hakuna aliyewahi kuwauliza kitambulisho. Lakini binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi, ndiye anayeulizwa babu yake alizikwa na nani na alilipa kodi wapi.

"Wanataka nini?" nikauliza.

"Karatasi ya kuonyesha babu alikuwa Kenya kabla ya uhuru. Wanaketi tena Alhamisi, halafu hawaketi hadi mwezi ujao. Chuo kinafungua Jumatatu." Akavua kiatu kimoja, akakiangalia ndani. "Na mwaka jana nafasi ilipita hivi hivi."

"Mimi nina kipande, kitambulisho kamili. Nilipewa mwaka wa themanini na sita."

"Chifu amesema chako pia kinachunguzwa."

Basi nikajua. Ofisi yenyewe siitaji, mtu wa huku anaijua. Chifu ndiye nitakayemwita Boaz. Mwaka wa 2009, mwezi wa tatu, lori lilishusha magunia arobaini ya mahindi ya msaada katika kambi yake, na ishirini na mawili tu ndiyo yaliyofika kwa wenye njaa. Nilikuwa nimesimama pale nikihesabu. Niliandika barua kwa kila ofisi yenye sanduku la posta. Boaz alisimamishwa kazi miezi mitatu, akarudi, akanisalimia kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hakunigusa. Mimi hujisifu kwa kumbukumbu. Niliacha shule darasa la tano, mengine nimejisomea, Katiba kifungu kwa kifungu na sheria kwenye magazeti ya kufungia sukari, na nikisimama barazani hata mkuu wa wilaya hukunja uso. Kitu kimoja sikukisoma popote, kwamba adui yako naye ana kumbukumbu, na anaweza kungoja miaka kumi na mitatu hadi mtoto wako akue.

Nikaanza kufoka. Nikataja kifungu cha uraia. Nikasema nitamwandikia waziri. Mke wangu Susana alikuwa anapepeta wimbi, akasimamisha ungo.

"Piga kelele basi," akasema. "Si ndiyo kazi yako? Piga, tuone kama kipande kitaanguka kutoka juu."

Na Rispa, bila kuinua macho, "Baba, wewe ulisema kweli wakati ule. Lakini mimi ndiye ninayefungwa."

Nikatoka nje. Pamba alikuwa amefungwa kwenye mti wake kando ya zizi, akafikiri nimemletea kitu, akanisukuma kifua kwa pua.

Pamba ni farasi. Naona unashangaa, na watu wote wa huku walishangaa kabla yako. Ukuriani kuna ng'ombe, mbuzi, punda wa kubeba maji. Farasi ni wetu peke yetu, na tangu utotoni tunaitwa watu wa farasi, wengine kwa kicheko, wengine kwa wivu. Baba yangu Gisiri alikuwa mtunza farasi wa mzungu mmoja kule Molo, Bwana Kroft. Mwaka wa 1964 alirudi nyumbani kwa miguu, siku tisa njiani, akivuta farasi jike mwenye mimba, jina lake Roza. Mama alitwambia kwamba mzungu alimpa kama shukrani alipokuwa anauza shamba. Baba mwenyewe sikumsikia akilisema hilo hata mara moja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na gari la serikali likitokea barabarani alikuwa anamwongoza Roza polepole hadi mtoni, kwenye matete, na kukaa naye huko hadi vumbi litulie. Nikadhani anaogopa kuambiwa alipe ushuru.

Roza alizaa Jamhuri. Jamhuri tulimpeleka kwa dume la kambi moja ya watalii upande wa Trans Mara, akazaa Redio, mwaka ambao Baba alinunua redio. Redio akamzaa Pamba uzeeni. Na kila ndama wa farasi alipozaliwa, Baba alitusimamisha zizini tukataja ukoo wake kwa sauti, kama tunavyotaja ukoo wa ng'ombe wa mahari. Ulikuwa wimbo wetu wa utotoni. Nilichapwa nilipokosea.

Karatasi za Baba ziliungua mwaka wa 1984, wezi wa mifugo walipochoma nyumba zetu. Yeye alikufa 1989. Wiki ya mwisho nilikaa naye, na katikati ya homa akasema, "Nicanor wa Kosele anajua." Nikamuuliza anajua nini. Akageukia ukuta. Nilimjua huyo Nicanor kwa jina tu, karani Mjaluo wa shamba lile la Molo. Kwa miaka thelathini na mitatu sentensi hiyo ilikaa kichwani mwangu bila kazi. Nikiwa nimesimama na pumzi ya Pamba kifuani, ikapata kazi.

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa Kosele.

Niliuliza sokoni, nikaambiwa yuko hai, nikaonyeshwa boma lenye ua wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu mweupe. Mzee Nicanor alikuwa ameketi kivulini mwa paa lake la mabati, umri wake themanini na moja, miwani yake imefungwa kwa uzi, anachambua maharagwe katika sinia. Nilimsalimia kwa Kijaluo kidogo nilicho nacho. Akanijibu kwa Kiswahili, ili nisijiaibishe zaidi.

"Umetoka wapi?"

"Kegonga, jaduong', mzee wangu. Nimekuja kwa ajili ya farasi."

"Farasi? Ukuriani?" Akacheka hadi maharagwe yakaruka. "Ng'ombe mmemaliza kuiba?"

"Ng'ombe zetu nyinyi mlizibeba mkaoa nazo. Tukabaki na farasi."

Hilo lilimpendeza. Akaniitia kiti. Nikamwambia mimi ni Maroa, jina la babu yangu, mtoto wa Gisiri aliyefanya kazi kwa Kroft, kwamba nina farasi wa uzao wa shamba lile, na kwamba nahitaji karatasi yoyote yenye jina la baba yangu. Uso wake ukafunga kama duka. Akaweka sinia chini.

"Gisiri hakuwa na farasi," akasema.

"Alipewa. Aliitwa Roza."

Akaingia ndani, akarudi amekumbatia daftari kubwa la jalada gumu, jeusi, lililoliwa na mende kwenye pembe. Alisema watu walionunua shamba walikuwa wanawashia moto karatasi za ofisi, na yeye akalichukua hilo. "Mimi ni karani. Karani hachomi daftari." Akalifungua magotini bila kunionyesha.

"Kama una farasi wa kwetu, nitajie baba yake. Na baba ya baba."

Nikasimama, maana ukoo hautajwi mtu akiwa ameketi. "Pamba wa Redio. Redio wa Jamhuri. Jamhuri wa Roza. Roza wa Valentaini. Valentaini wa Misi Kopa."

"Hao ni mama. Nimekuuliza baba."

"Baba siwajui."

"Huwajui?" Akapigapiga daftari kwa kidole. "Kitabu hiki kimepangwa kwa madume. Kila dume na kurasa zake. Mtu wa farasi anaanza na dume. Gisiri alikuwa anayajua madume yote hadi yale yaliyobaki Ulaya, alikuwa anayataja akiwa anapiga brashi. Halafu mtoto wake hajui hata moja?"

"Kwetu dume huazimwa, jaduong'. Linakuja, linaondoka. Anayebaki zizini ni mama. Ng'ombe tunamtaja kwa mama yake. Baba alitufundisha farasi hivyo hivyo."

"Maneno mazuri." Akalifunga daftari. "Kuna watu walikuja hapa mwaka wa tisini na mbili, na tai shingoni, wakijifanya wajukuu wa huyu na yule, wanatafuta karatasi za mashamba. Nao walikuwa na maneno mazuri. Haya majina umeyasikia mahali. Rudi kwenu salama."

Nikamsihi. Nikamwambia habari za Rispa, za chuo, za Alhamisi. Akaokota sinia lake, akaendelea kuchambua maharagwe, na macho hakuinua tena. Mimi mtu wa mabaraza, niliyewahi kumnyamazisha mbunge kwa swali moja, nilishindwa na mzee na sinia lake la maharagwe. Nikatembea hadi kwenye ua. Niliona Jumatatu ikija na kupita, na Rispa akibaki kwenye mlango ule wa jikoni, mwaka huu na mwaka ujao, hadi mtu aje na ng'ombe amchukue. Nikashika mti wa ua, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine mdomoni, nikamalizia ukoo nilioukatiza. Ni desturi. Ukiuanza unaumaliza, la sivyo mnyama atadhurika.

"Misi Kopa wa jicho moja," nikasema, "aliyekuja na meli."

Nyuma yangu maharagwe yakamwagika.

"Umesema nini kuhusu jicho?"

"Ndivyo anavyotajwa. Misi Kopa wa jicho moja."

"Rudi hapa."

Nikarudi. "Jicho lile halikuandikwa kwenye karatasi yoyote," akasema. "Kroft alilificha ili bei ya watoto wake isishuke. Alijua yeye, mke wake, mimi na watunza farasi. Keti."

Akalipindua daftari, akalifungua kutoka nyuma. Huko nyuma, kwa kalamu ya risasi, mke wa Kroft alikuwa ameweka orodha yake mwenyewe. Majike. Kila jike chini ya mama yake, kama vile aliyeiandika alizaliwa Kegonga. Nicanor akawa anasoma na kunitafsiria, kidole chini ya kila jina. Roza, alizaliwa shambani 1958. Mama yake Valentaini, alishinda Nairobi miaka mitatu mfululizo, mara ya mwisho akiwa na kwato iliyopasuka. Mama yake Misi Kopa, ambaye kule kwao alishinda mbio kubwa mbele ya watu elfu hamsini, picha yake ikachorwa na kutundikwa ukutani kwa matajiri. Mama yake huyo naye yumo, na mama wa mama, na pembeni madume yao. Vizazi kumi na viwili. Kuna mmoja alizaliwa kabla babu ya babu yangu hajatahiriwa, na ameandikwa siku, rangi, na unyayo upi ulikuwa mweupe.

Pamba wangu! Anayebeba mahindi sokoni. Niliwaza watoto wanaomtupia mawe. Niliwaza kamati. Farasi huyu, angekuwa yeye anayetaka kitambulisho, wangemgongea muhuri wakiwa wamesimama.

"Na baba yangu? Baba yangu ameandikwa wapi?"

Akageuza ukurasa wa mwisho.

Ulikuwa mwandiko mwingine, wa wino, wa kikarani. Tarehe ishirini na mbili, Februari, 1964. Majina kumi na moja ya farasi, moja chini ya jingine. Mbele ya kila jina neno moja. Halikuhitaji mkalimani mzuri lakini alinitafsiria tu, polepole. Risasi. Risasi. Risasi. La kumi na moja lilikuwa Roza. Risasi. Chini yake alama ya kidole gumba, imefifia kama doa la chai, na kando yake: *Imetekelezwa na Gisiri mwana wa Maroa, Mkuria Mnyabasi, wilaya ya South Nyanza,* namba yake ya kipande, *mtunza farasi tangu 1951.*

"Huo mwandiko ni wangu," Nicanor akasema. "Kroft alikuwa anaondoka. Alisema hawezi kuwaacha farasi wake mikononi mwetu. Akampa Gisiri bunduki kwa sababu farasi walikuwa wanamwamini, hawangekimbia. Yeye akajifungia ndani ya nyumba, hakutaka kusikia. Jioni akanituma nikahesabu."

"Ukahesabu?"

"Nilihesabu makaburi kumi. Nikarudia. Kumi. Gisiri alikuwa amekaa juu ya la mwisho, udongo hadi kwenye nyusi. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu. Nikarudi ofisini nikaandika kumi na moja, nikamletea wino wa kidole. Kesho yake hakuwepo." Akavua miwani. "Nimekaa miaka hamsini na minane bila kujua kama alifika. Una picha yake? Huyo kitukuu wa Roza?"

Nikampa simu. Alimtazama Pamba, akapanua picha kwa vidole viwili, akasogeza simu karibu na pua.

"Masikio," akasema. "Ni ya Roza kabisa."

Nilikuwa nafikiria baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kuchinja hata kuku. Mgeni akija alikuwa anaita jirani achinje, na tulimcheka, sisi watoto wake, tukasema mzungu amemharibu. Aliwaua kumi, aliowalisha kwa mikono yake miaka kumi na mitatu, ili apate kumficha mmoja. Kisha akatembea na huyo mmoja siku tisa, vichakani. Hiyo ndiyo iliyokuwa shukrani ya mzungu.

Alhamisi tulifika kambini kwa chifu kabla ya saa mbili. Rispa alikuwa amevaa viatu vile vile vya kuazima. Kamati ilikuwa watu wanne nyuma ya meza, Boaz katikati na kofia yake, wazee wawili waliojua vizuri sana nilizaliwa wapi, na mwanamke kutoka ofisi ya usajili, mgeni, ambaye mbele yake kulikuwa na fomu na muhuri.

Nikaweka mezani daftari alilonikabidhi Nicanor, wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Yule mwanamke akavuta kiti, akasoma, akasoma tena. Akauliza maswali matatu, yote ya maana. Akasema, "Hapa kuna wilaya, kuna namba, kuna alama ya kidole, na kazi tangu 1951. Kwangu hii inatosha. Nimepitisha watu na kidogo kuliko hii." Akauvuta muhuri karibu. Nikasikia Rispa akivuta pumzi.

"Ngoja kidogo, madam," Boaz akasema. Alikuwa ameinama juu ya daftari. Kiingereza chake ni kizuri, hilo nampa. "Hapa pameandikwa farasi wote walipigwa risasi. Mpaka huyu Roza." Akainua uso, akanitabasamia kama alivyonisalimia mwaka ule. "Maroa, si wewe hutwambia kila siku kwamba farasi wenu anatoka kwa Roza? Sasa mfu alizaa?"

Mzee mmoja akacheka, kisha akaacha.

"Hakumpiga," nikasema. "Alimwokoa."

"Hilo neno halimo kitabuni. Kitabu chako mwenyewe kinasema aliambiwa aue, akasema ameua, akaondoka na mali ya tajiri wake. Wewe msomi wa sheria, hiyo inaitwaje?" Akamgeukia mwanamke. "Madam, mimi sikatai kwamba Gisiri alikuwa Kenya. Nakubali, alikuwa Kenya, akiiba. Lakini sahihi yangu inathibitisha pia tabia ya familia. Siwezi kuitia huku mali ya wizi ikilishwa kwao hadi leo. Farasi apelekwe polisi kama kielelezo hadi mwenyewe ajulikane. Nikiletewa namba ya OB, ya kitabu cha matukio cha polisi, natia sahihi. Leo hii hii."

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kila nilichohitaji kilikuwa kichwani mwangu. Mlalamishi yuko wapi? Kroft alikufa lini, na aliwahi kuripoti nini, wapi? Tangu lini chifu akawa hakimu? Ni sheria gani inayofunga kitambulisho cha mtoto kwa mkia wa farasi? Nilikuwa na hoja kumi na tano, zimepangwa, na yule mwanamke wa usajili alikuwa ananitazama kana kwamba anangoja nizitoe. Nadhani ningeshinda. Ningeshinda mwezi ujao, au ule unaofuata, baada ya rufaa, baada ya barua. Nikafungua mdomo.

Rispa hakunigusa wala hakunitazama. Alikuwa anauangalia muhuri tu, jinsi mtu mwenye kiu anavyoangalia maji ya mtu mwingine.

Nikaufunga mdomo. Wazee wale wawili wananijua tangu tuko watoto na nadhani hawakuwahi kuona hilo.

"Nitamleta," nikasema.

Nilimtoa Pamba kwenye mti wake mwenyewe. Susana alisimama mlangoni, akajifunika mdomo na leso. Pamba alifuata kamba bila shida, kwa sababu ananiamini. Hilo ndilo lililonitembeza kama mlevi njia nzima. Baba alipewa bunduki kwa sababu hiyo hiyo.

Kituoni alikuwepo konstebo mmoja kijana, Cliff, mtu wa Sindo, ambaye hajawahi kumwona farasi karibu. Akazunguka mezani, akasimama mbali kidogo.

"Huyu anauma?"

"Akikujua haumi, afande," akasema Rispa, aliyekuja nasi.

"Nimfunge wapi? Selo imejaa." Akacheka peke yake, akaona nyuso zetu, akaacha. Tukamfunga Pamba nyuma, kwenye nguzo, kati ya pikipiki zilizokamatwa na lori la sukari ya magendo lililoishiwa magurudumu. Hakukuwa na jani hata moja la nyasi pale. Ni mimi nampelekea, kila asubuhi, hadi leo ninapoandika haya. Mwenyewe bado hajajulikana, wanasema. Mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani.

Cliff akafungua kitabu cha OB, akalamba kidole, akauliza ni kielelezo cha aina gani, nikamwambia. Akauliza rangi. Nikamwambia. Akauliza, "Maelezo mengine?" Nikageuka nikaangalia ukutani, kwenye bango la kampeni ya chanjo, kama vile Baba alivyogeukia ukuta.

Rispa akasogea mezani. Alikuwa amenyooka.

"Andika ukoo wake," akasema.

"Ukoo wa farasi, sistangu? Hapa nafasi ni mistari miwili."

"Andika mpaka pembeni. Pamba wa Redio. Redio wa Jamhuri. Jamhuri wa Roza." Aliyataja kwa sauti ile ya zizini, mikono chini, visigino pamoja, na Cliff, sijui kwa nini, akaandika. "Roza wa Valentaini. Valentaini wa Misi Kopa wa jicho moja, aliyekuja na meli."

"Aliyekuja na meli," Cliff akarudia, akimalizia. "Na huyu Roza, karatasi ya chifu mliyoleta inasema alipigwa risasi mwaka wa sitini na nne. Niandike nini hapo?"

"Andika alifichwa," Rispa akasema. "Na aliyemficha ni Gisiri mwana wa Maroa, Mnyabasi, South Nyanza. Babu yangu."

Cliff akaandika, akamgeuzia Rispa kitabu aweke sahihi. Rispa akaishika kalamu, akaangalia nafasi iliyoandikwa *Namba ya kitambulisho*, akaiacha wazi, akaandika jina lake.